Udongo wa Wifi

Watu walimwita Mama Vifungo, na jina lilimkaa sawasawa kama nguo iliyopimwa mwilini. Alikuwa fundi cherehani. Wapo mafundi waliomshinda kwa kasi, na wapo waliomshinda kwa mitindo mipya, lakini hakuna shati lililotoka mikononi mwake kisha kifungo chake kikaning'inia. "Kifungo kikilegea," alikuwa akisema, "watu hawamcheki fundi, wanamcheka aliyevaa. Sasa mimi nimwaibishe mtu aliyeniamini?"

Yeye na mumewe, fundi saa, waliishi ghorofa ya tatu kwenye jengo la zamani lenye ngazi nyembamba za saruji. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana ya wote wawili: cherehani upande wa dirisha, na meza ndogo ya saa kwenye kona, chini ya taa. Binti yao mmoja alikuwa ameshaolewa mbali, kwa hiyo nyumba ilikuwa na sauti mbili tu, mkereketo wa cherehani na mlio wa saa. Wateja walizilalamikia ngazi, wakifika juu wanahema, lakini Mama Vifungo hakutaka kusikia habari ya kuhamia chini. "Vumbi ni vivu kupanda ngazi," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Na kweli, vumbi lilikuwa adui wa nyumba ile. Doa moja kwenye kitambaa cheupe lilimnyima mke usingizi, na punje moja ya mchanga ndani ya saa ilimpotezea mume siku nzima. Kila asubuhi walifagia, wakadeki, wakapangusa. Viatu viliachwa mlangoni.

Ndiyo maana wifi alipokuja kuwatembelea, nyumba nzima ilikaa macho. Huyu alikuwa dada mkubwa wa fundi saa, mjane mnene mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya bonde, na kazi yake ilikuwa kufinyanga majiko ya udongo huko pembezoni mwa mji. Mtaani kwake walimwita Mama Majiko. Hata akioga namna gani, udongo mwekundu ulibaki kwenye mikunjo ya vidole vyake na pembeni mwa kucha. Mama Vifungo alimkaribisha kwa maneno mazuri, huku mkono mmoja tayari unavuta shuka kuukuu ili alitandike kwenye kiti.

"Tandika, wifi yangu, tandika," Mama Majiko alikuwa akisema, akijikalia kwa mbwembwe. "Wenzangu hutandikiwa kwa heshima. Mimi natandikiwa kwa ajili ya makalio yangu."

Walicheka wote. Huo ndio uliokuwa utani wao, na kama ulikuwa na mwiba ndani yake, hakuna aliyeutafuta.

Ugonjwa ulikuja asubuhi, bila kubisha hodi. Mama Vifungo alikuwa akipiga pindo la gauni jeupe, mkasi ukamponyoka. Aliinama kuuokota. Aliuona mkasi, akauona na mkono wake wa kulia karibu kabisa nao, lakini mkono haukwenda. Akautuma tena. Ilikuwa kama kumwita mtu ambaye hayupo nyumbani. Alitaka kumwambia mumewe, hebu niokotee huo mkasi, lakini kilichotoka kinywani kilikuwa sauti nzito isiyo na maneno.

Fundi saa aliinua uso, lenzi bado ipo jichoni. Mtu huyu katika maisha yake hakuwahi kuinuka akaacha saa wazi. Siku ile aliinuka kwa kishindo, skrubu zikatawanyika sakafuni, naye akazikanyaga akimkimbilia mkewe. Majirani walimteremsha mgonjwa akiwa ameketi kwenye kiti chake cha kushonea, ngazi kwa ngazi, wakipeana zamu kwenye kila kona, hadi barabarani kwenye gari.

Kilikuwa kiharusi. Madaktari walisema aliwahishwa, na kwamba hilo peke yake ni jambo la kushukuru. Maneno yalirudi mapema, ingawa alipochoka ulimi ulikuwa mzito. Mguu wa kulia ulikubali kumbeba, ukiburuza kidogo. Mkono ndio uliogoma. Ulilala mapajani bila hisia yoyote, kama kitu alichoachiwa na mtu amtunzie.

Pale hospitali kulikuwa na dada mmoja mpole, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye alikuwa akiushika mkono ule kila siku, akiukunja na kuukunjua, akizungumza nao kana kwamba una masikio yake.

"Haujafa, mama," alimwambia. "Umesahau tu kazi. Kazi yetu ni kuukumbusha. Ukirudi nyumbani, usiuache ukae bure. Upe kitu laini ukikande, hata kama ni mkono wa kushoto ndio unaofanya yote mwanzoni. Kanda unga, bonyeza mpira, chochote."

Akampa mpira mdogo wa raba.

Siku ya kuruhusiwa kutoka, kabla fundi saa hajamaliza kufunga mfuko wa nguo, Mama Majiko aliingia wodini akipangusa mikono kwenye sketi.

"Gari liko nje," alisema. "Wifi, nimekuwekea nafasi mbele. Nyuma nimepakia udongo."

"Dada, tutapanda teksi, twende zetu nyumbani," fundi saa alisema. "Tutajitahidi."

"Mtajitahidi kufanya nini, mdogo wangu? Kumbeba mgongoni ngazi zote zile kila akitaka kuota jua? Kwangu hakuna ngazi. Kuna kizingiti kimoja, nacho nimekisawazisha jana."

Fundi saa alimtazama mkewe. Mama Vifungo alitazama pembeni. Alikuwa amechoka, na ngazi alikuwa ameziwaza tangu siku ya kwanza. Akatikisa kichwa kukubali.

Hivyo ndivyo fundi aliyekimbia vumbi maisha yake yote alivyokwenda kukaa katika nyumba ambayo, ukiondoa bati na mbao, yote ilikuwa udongo. Kuta zilikuwa za udongo zilizopakwa udongo mweupe. Sakafu ya chumba walichopewa ilikuwa imesiribwa vizuri ikawa ngumu na laini kama ngozi, na alipoikanyaga kwa mguu ule wenye ganzi, wifi alimwambia asivae kandambili, auache unyayo ujue unapokanyaga. Uani kulikuwa na lundo la udongo mwekundu kutoka bondeni, lundo la udongo wa kichuguu, chungu ya mchanga, tanuri, na majiko yaliyopangwa kivulini yakikauka. Fundi saa aliiweka meza yake dirishani, akafunika kila kitu kwa vioo na vitambaa, akaanza kazi akiwa anaomba Mungu.

Siku za mwanzo zilikuwa ngumu. Mama Vifungo alikalishwa kivulini asubuhi, akakaa kama mzigo. Mpira wa raba aliubonyeza mara mbili tatu, ukamponyoka, ukaviringika hadi kwenye kuku, naye hakuagiza urudishwe. Kwa kuwa hakuwa na kazi, macho yake yalianza kufanya kazi. Aliona kuku wakijichimbia kwenye vumbi na kujirushia mabawani, na akauliza kama ni wagonjwa.

"Wanaoga," wifi alimjibu. "Utitiri hauvumilii vumbi. Na wewe ulidhani ni uchafu?"

Aliona maji ya kunywa yakitolewa kwenye mtungi uliofukiwa nusu kwenye mchanga wenye unyevu, baridi kuliko maji ya friji yake kule juu. Aliona karoti na viazi vikifukuliwa kutoka sanduku la mchanga mkavu, vizima kama vilivyong'olewa jana. Wifi alisugua masufuria kwa udongo laini na jivu hadi yakang'aa. Maganda na mabaki ya jikoni yalitupwa kwenye shimo nyuma ya choo na kufukiwa, na pale palipofukiwa mwaka uliopita pakafukuliwa, pakatoka udongo mweusi unaonukia mvua, umejaa nyungunyungu. Ule ulitiwa kwenye makopo ya miche ya mboga. Hata nyigu alikuja pembezoni mwa dimbwi, akabeba tonge lake la tope, akaenda kujengea chini ya bati. Mama Vifungo alimfuata kwa macho, na kwa mara ya kwanza tangu augue akatabasamu, kwa sababu nyigu alikuwa mtu wa vipimo kama yeye.

Asubuhi moja Mama Majiko aliuokota ule mpira uani, akautazama pande zote.

"Huu ndio umekushinda?"

"Haukunishinda. Umenichosha. Kubonyeza kitu kisichokuwa kitu."

Wifi aliingia kibandani akatoka na beseni la udongo uliokwisha kulowekwa, mwekundu, laini, akaliweka kwenye kigoda mbele ya mgonjwa.

"Mimi si wa kuchezea matope, wifi."

"Najua. Wewe ni wa kutandikia watu mashuka." Akamkunja mikono ya gauni, akaushika ule mkono wa kulia kwa adabu, kama anavyobebwa mtoto mchanga, akauzamisha. "Dada wa mazoezi kasema ukande. Unga nitakuwa naupoteza. Udongo ukiukanda unanisaidia kazi. Nina majiko ya kumalizia, na mgongo wangu huu hautaki. Kanda."

Basi akakanda. Mkono wa kushoto ulifanya yote, wa kulia ukaburuzwa ndani yake. Alikuwa anaudhika mwanzoni, kisha akaona kwamba udongo, tofauti na mpira, unabadilika. Asubuhi ulikuwa mgumu, hadi mchana ulikuwa umelainika, na jioni wifi alipotengeneza ukingo wa jiko kwa udongo ule alisema, "Huu umekandwa." Na Mama Vifungo, ambaye kwa muda wote huo hakuwa amemfaa mtu kwa lolote, alilala usiku ule bila kulia.

Ikawa ndiyo kazi yake. Wiki zikapita. Mkono ulibaki kimya.

Kisha siku moja walikuwa wameketi wote wawili, wifi akifinyanga miguu ya jiko, Mama Vifungo akiwa amepumzika, kikombe cha chai mkono wa kushoto, mkono wa kulia umeachwa umelala ndani ya beseni. Akanywa funda moja, akakunja uso.

"Udongo wako una kokoto," alisema.

Hapo alikuwa amemgusa pabaya. Mama Majiko angesamehe mtu aliyemtukana mama yake kabla hajamsamehe aliyeutukana udongo wake.

"Udongo wangu? Udongo wangu nimeuchekecha kwa mikono yangu mwenyewe. Kama umechoka kukanda, sema umechoka."

"Sijasema nimechoka. Nasema kuna kokoto. Iko hapa, inanichoma chini ya kidole gumba."

"Kidole gumba kipi?"

Mama Vifungo alikitazama kikombe katika mkono wa kushoto. Kisha akalitazama beseni.

Wifi alikuwa ameshapiga magoti. Aliingiza vidole vyake kwenye udongo taratibu, chini ya ule mkono uliolala, akapapasa, akatoa kijiwe kidogo kama punje ya dengu. Alikishika kwenye mwanga. Akacheka, akakaa chini kabisa kwenye tope, akaendelea kucheka hadi machozi yakachora njia kwenye vumbi la mashavu yake.

"Mdogo wangu," aliita. "Njoo uone aibu yangu. Nimeshindwa kuchekecha udongo."

Fundi saa alitoka mbio akidhani kuna baya. Walipomweleza, alikichukua kile kijiwe, akavuta lenzi yake jichoni, akakitazama muda mrefu kama kifaa cha saa ambayo hajawahi kuiona. Kisha akaenda akasimama nyuma ya kiti cha mkewe, akaweka mikono yake mabegani mwake, na hapo wakakaa.

Toka siku ile mkono ulianza kurejea, polepole sana, kama mwanafunzi mtoro. Kwanza baridi na joto. Kisha kidole gumba kikasogea, kisha kiganja kikaweza kukandamiza. Mama Vifungo akachoka kukanda tu, akataka kutengeneza jiko lake mwenyewe. Alichukua udongo ule mwekundu mzuri kuliko wote, akaukataa mchanga kwa sababu ulikuwa unakwaruza, akalifinyanga jiko siku kadhaa, akalilainisha kwa maji hadi likang'aa. Wifi alimwona, akaendelea kufinyanga majiko yake. Lilipokaushwa likapata ufa, na lilipoingia tanurini likatoka vipande.

"Ulijua," Mama Vifungo alisema.

"Nilijua."

"Na hukuniambia."

"Ungenisikia? Udongo mzuri ukiwa peke yake unajivunia, ukikauka unajibana mpaka unapasuka. Utie mchanga uushikilie, utie makapi yaungue yaache vitundu vya kupumulia. Ule unaokukwaruza ndio unaoshika jiko." Akamsukumia ndoo ya mchanga. "Anza upya. Hivyo vipande usivitupe, tutavisaga tuvichanganye humo humo. Huku kwetu hakiharibiki kitu."

La pili lilitoka limeinama upande mmoja, lakini zima. Wanalipikia chai mpaka leo.

Alipokwenda kliniki, dada wa mazoezi aliugeuza mkono huku na huku, akaona wekundu pembeni mwa kucha.

"Hii ni nini, mama?"

"Udongo. Nimeoga, lakini hautoki," Mama Vifungo alisema, akajisikia anacheka, maana hayo yalikuwa maneno ya wifi yake neno kwa neno.

Yule dada akataka kujua yote. Mwisho akauliza kama angeweza kuletewa ndoo moja ya udongo kwa ajili ya wagonjwa wengine, lakini akaomba uchemshwe kwanza, kwa usalama, kwa kuwa wengine wana vidonda. Mama Majiko alipopewa habari alishika kiuno.

"Nimewapikia watu majiko maisha yangu yote. Sasa napika udongo wenyewe."

Akautia kwenye pipa juu ya moto, akaukoroga kama uji, akiwaambia majirani waliochungulia kwamba chakula kiko karibu kuiva, waje na sahani.

Si kila kitu kilirudi. Alasiri moja, akiwa na moyo mkubwa kwa jinsi alivyoendelea, Mama Vifungo alichukua sindano na uzi. Alijaribu kutunga. Vidole viliweza kukandamiza, viliweza kushika ukingo wa jiko, lakini sindano ilikuwa nyembamba mno, haikukaa. Ilimwanguka, akaitafuta, akaishika, ikamwanguka. Mumewe alimkuta ameketi na uzi mapajani, machozi yanamtoka bila sauti.

Aliketi kando yake. Akaichukua sindano, akavuta lenzi, akatunga uzi mara moja.

"Nina skrubu ndogo kuliko hili tundu," alisema. "Wewe shona kwa cherehani, mishono mirefu unaiweza. Vifungo nitashona mimi."

"Wewe? Utashona vifungo vyangu?"

"Nifundishe."

Akamfundisha, na haikuwa rahisi. Fundi saa alizoea kukaza, basi vifungo vyake vya kwanza vilibana nguo mpaka ikakunjamana. "Hii si saa," mkewe alimwambia. "Kifungo kinataka shingo. Kiachie nafasi kipumue." Akaelewa. Wateja wa zamani waliporudi, wachache walijua kwamba vifungo vya Mama Vifungo sasa vinashonwa na mwanamume mwenye lenzi jichoni, na waliojua walisema havijapungua kitu. Nguo za harusi aliziacha. Akashona mapazia, aproni, mifuko, mashuka, na alisema kwa dhati kwamba kuacha nguo za harusi hakumuumi, kwa kuwa kulikuwa na wakati hata nyuzi zilikuwa zimemuaga.

Kule ghorofani hawakurudi. Walipata chumba cha chini chenye baraza, kando ya barabara isiyo na lami, si mbali na kwa wifi. Vumbi linaingia humo bila kubisha. Mama Vifungo analifagia kila asubuhi kama zamani, kwani kitambaa cheupe ni kitambaa cheupe, lakini halisemi vibaya. Barazani ana makopo ya udongo mweusi aliyopewa na wifi, yenye vitunguu na mchaichai. Binti yake alipokuja kumwona alishangaa kumkuta mama yake amechuchumaa pale bila kitambaa cha kufunika gauni.

"Mama, unajichafua."

"Nitafua," mama mtu alisema.

Siku za kliniki huenda hospitali na ndoo, akaketi na wagonjwa waliopatwa kama yeye. Hana mahubiri. Anamwekea mtu udongo mbele, anaketi naye, wanakanda. Wapo wanaopona haraka kuliko yeye, na wapo ambao mkono haujarudi mpaka leo. Hao nao huja, kwa sababu wamezoea.

Msimu uliopita goti la Mama Majiko lilivimba, basi Mama Vifungo akawa anamsindikiza bondeni kuchimba. Siku moja walikuwa shimoni, wifi ameketi ukingoni akitoa amri, yeye chini akijaza ndoo. Udongo ulikatika kwa jembe vipande vipande kama jibini, mwekundu ndani, na harufu yake ilikuwa nzuri. Mama Vifungo alisimama akashika kiuno.

"Wifi," alisema.

"Ee."

"Sijawahi kukushukuru vizuri."

"Kwa lipi?"

"Kwa yote. Nyumba. Udongo. Kunivumilia na mashuka yangu."

Mama Majiko alilisugua goti lake.

"Mume wangu alipokufa," alisema, "nilikuwa peke yangu uani miaka mingi. Nikifinyanga jiko, hakuna wa kuniambia limepinda. Mlipokuja wewe na mdogo wangu, asubuhi nikawa naamka nina mtu wa kubishana naye. Sasa sijui nani amshukuru nani. Tugawane." Kisha akainua uso. "Hilo wingu unaliona?"

Mama Vifungo alitazama juu. Lilikuwa limekuja bila wao kujua, zito, na upepo wake ulikuwa tayari kwenye nyasi.

"Majiko yapo uani," wifi alisema, akijaribu kuinuka. "Mabichi yote."

"Kaa hapo, nitakupa mkono."

Akapanda kutoka shimoni, akamvuta, wakashikana kwapani, mmoja akiburuza mguu, mwingine akilaani goti, wakapanda bonde wakihimizana na kutukanana kwa mapenzi, huku matone ya kwanza yakianguka na ardhi ikianza kunukia.